Fomu Namba Arobaini na Moja

Tulipokunjua futikamba,
Shija ameshika ncha, mimi kibweta chake,
uchochoro mzima ukanyamaza.
Kirumba wanajua: anayepima leo
kesho huja na rangi nyekundu,
keshokutwa na tingatinga.

"Nyumba hii mpya," alisema Bi Nyanzobe
bila kuinua macho kwenye ungo wa dagaa.
"Mpya kabisa. Imejengwa juzijuzi."
Na juu ya kichwa chake, kwenye lipu,
tarakimu alizochonga fundi wa watu:
moja, tisa, tatu,
ya mwisho imeliwa na mvua.

Nikamweleza: sisi si wa barabara,
si wa viwanja, si wa kodi.
Tunaorodhesha majengo ya kale
yasije yakabomolewa bila mtu kujua.
"Ahaa. Kumbe mkijua,
yanabomolewa kwa heshima."
Shija akacheka. Mimi nikaandika tarehe.

*Jina la jengo.*
Jirani alisema Ghala la Pamba,
muuza mkaa akasema Kwa Singasinga,
mtoto akasema Kwa Bibi.
Mstari ulikuwa mmoja. Nikabana herufi.

*Milango:* miwili. Wa tatu umezibwa kwa tofali,
hakuna anayekumbuka nani alipita hapo.
*Kuta:* mawe na chokaa, pande tatu.
Wa nne haupo.
Wa nne ni jabali lenyewe,
lile lile linaloteremka toka kilimani
limebeba mbuzi, matangi na nguo za watu;
fundi alifika hapo na mwiko wake, akalitazama,
akaona kazi imeshafanyika,
akaliegemeza dari begani.

*Mwaka wa kujengwa.*
Shija akaligonga jiwe kwa kiganja
kama mtu anayechagua tikiti.
"Andika: kabla."
"Kabla ya nini?"
"We andika kabla."

Namba kumi na saba tuliiandika Jumanne.
Ijumaa tukarudi kupiga picha ya ngazi,
tukakuta uzio wa mabati ya bluu
na kijana wa vocha akatuambia
ngazi imepakiwa kwenye fuso, imeelekea Igoma.
Vipimo vyake ninavyo vyote.
Vidato kumi na vinne, cha tisa kimebonyea.
Usiku mwingine naipanda nikiwa kitandani,
na kwenye kile cha tisa
mguu wangu unakumbuka kujihadhari.

Sijui Bi Nyanzobe aliona nini usoni mwangu.
Alifuta mikono kwenye kanga.
"Njooni basi."

Ndani, nyuma ya magunia,
alichuchumaa, akaweka kidole ukutani.
"Hapa maji yalifika mwaka sitini na nne.
Mimi nilikuwa tumboni.
Mama alilala juu ya marobota siku kumi na moja."
Kidole kikapanda upana wa ukucha.
"Na hapa, mwaka ule wa korona."
Mistari miwili ya kahawia,
imenyooka kuliko ya mhandisi yeyote.
Ziwa limekuja mara mbili kulikagua jengo hili
na mara zote mbili limetia sahihi.

Fomu haina nafasi ya ziwa.

*Hali ya jengo: nzuri, wastani, mbaya.*
Akachungulia begani kwangu.
"Weka wastani. Ukiweka nzuri, kodi itapanda.
Ukiweka mbaya, watatuhamisha."
Nikaweka wastani.

*Uhusiano wa mtoa taarifa na jengo:
mmiliki, mpangaji, mengineyo.*
Hapo alikaa kimya kidogo.
Alisikika kunguru akitembea juu ya bati.
"Tumekaa pamoja," akasema. "Andika hivyo."

Shija akaachia ncha.
Futikamba ikarudi mbio sakafuni, ikipiga kelele,
nasi tukatoka juani tukipepesa macho.

Uchochoroni, yule mtoto
alikuwa akilipima jabali kwa shubiri.
Amefika mia na saba.
Akatuonyesha kidole mdomoni
tusimpoteze hesabu.